Buku ya Bikwembe

Yaya yangu Émerance, yaani dada yangu mkubwa, anashona nguo kwenye baraza la nyumba yake, hapa mtaa wa Katuba, tangu mimi nikiwa msichana. Baba yetu alishuka na treni kutoka Kabalo, akafanya kazi ya reli mpaka mwili ukamshinda. Mama alipokufa, Émerance ndiye aliyeacha masomo ili sisi wadogo tusiache. Alijifunza mashini ya kushona kwa masista wa parokia. Nguo za komunyo, sare za kwaya, bikwembe vya harusi, kama tunavyoviita vitenge hapa kwetu: wanawake wengi unaowaona wamependeza kanisani Jumapili wamepita mikononi mwake.

Mume wake, Sylvain, anatengeneza baiskeli, naye ni mtu wa maneno machache. Binti yao Olive anauza samaki sokoni mjini. Anatoka kabla jua halijawaka vizuri, kwa hiyo mtoto wake Syntiche anashinda kwa bibi yake baada ya masomo. Anamwita kambo, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita mababu na mabibi zao. Mimi pia ni kambo, ila mimi ni kambo Albertine, yule wa lupango, yaani uwanja wa nyumba, la jirani.

Syntiche alikuwa mwaka wa pili katika shule moja ya binafsi ya mtaani, yenye geti la buluu. Kila alasiri alikaa chini karibu na mashini, akafungua kitabu chake cha Kifaransa, akasoma kwa sauti kubwa: *Le lapin mange l'herbe*. Yaya alikuwa akipiga pasi ya makala, yaani makaa, huku anatabasamu. Majirani waliopita walisema, "Mutoto iko na akili!" Siku moja uzi ulianguka juu ya ukurasa. Yaya akaweka kiganja chake pale ili auokote, maneno yote yakafunikwa. Syntiche akaendelea mpaka mwisho bila kukwama.

Yaya akasimama na uzi mkononi. Akaweka kidole chini ya neno moja.

"Nisomee hii, hii moja tu."

Mtoto akaangalia picha ya sungura. "*Lapin?*"

Lilikuwa *herbe*.

"Haisome," yaya aliniambia nilipoingia kuomba chumvi. "Albertine, mutoto anaimba tu. Mwaka muzima anatuimbia!"

Hakumgombeza. Alivuta mfuko wa vipande vya nguo uliokuwa chini ya meza, akachukua mkasi, akaanza kukata herufi. Kitambaa chekundu kikawa M, cha maua kikawa O. Alizishona juu ya pamba nyeupe, ukurasa baada ya ukurasa, akiiba muda kati ya nguo ya mteja huyu na ya mteja yule. Ukurasa wa kwanza: MOTO. Wa pili: MAJI. Baadaye zikaja sentensi, katika Kiswahili hiki hiki tunachosema nyumbani: *Washa moto. Tia maji mu chungu. Maji ikichemka, tia unga. Koroga na mwiko. Usichoke.* Moshi aliushona kwa kitambaa chepesi cha shela ya bibi harusi fulani, na kijiko kidogo cha mti alikifunga kwa uzi ili mtoto aweze kukivuta na kukirudisha. Ilikuwa buku, kitabu kamili, ya kupika bukari, ugali wetu, na nyuma yake zikafuata kurasa za sombe, majani ya muhogo, na za kalembula, majani ya viazi vitamu.

Syntiche aliisoma akiwa amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makala, buku juu ya kigoda na mwiko mkononi. Alivuta herufi kwa kidole, akaziunganisha, akafanya kile zilichomwambia. Siku ya kwanza bukari ilijaa madonge. Sylvain aliila yote, akaomba nyingine.

"Kambo," mtoto alilalamika siku nyingine, jasho likimtoka, "buku inasema 'usichoke', lakini miye nimechoka!"

Tulicheka mpaka yaya akaweka sindano chini.

Tangu hapo hakuna maandishi yaliyopona. Alisoma mifuko ya unga, mabango ya makanisa, maneno yaliyochorwa nyuma ya magari. Kisha akarudi mwenyewe kwenye kitabu cha Kifaransa. Aliweka kidole, akavuta herufi polepole, *her-be*, halafu akainua kichwa.

"Kambo, *herbe* njo nini?"

"Majani."

"Aa! Basi ka lapin kanakula majani!" Akatuangalia kama mtu aliyefichwa jambo. "Juu ya nini Madame wa masomo hakutuambia?"

Huyo ndiye mtoto waliyemwadhibu. Nataka mkumbuke hivyo ninapoendelea.

Kwa furaha yake aliichukua buku kwenda kuwaonyesha wenzake. Yaya alimkunjia ndani ya mfuko safi. Mchana nilikuwa barazani nikisaidia kukunja pindo nilipoona kundi la watoto likija njiani, wakiruka na kupiga makofi. "Buku ya bukari! Buku ya bukari!" Mbele yao alikuwa Syntiche. Buku ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya gunia.

Shule ile ina desturi. Mtoto akisema neno la Kiswahili ndani ya uwanja, anavalishwa kibao shingoni, wanakiita *symbole*. Anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake akisema Kiswahili, ndipo amvalishe yule. Tuliijua desturi ile. Wazazi wote tuliijua, tukanyamaza, maana sisi wenyewe wengi tulivalishwa. Lakini siku hiyo mwalimu wake, Madame Benita, hakuchukua kibao. Alichukua mkasi, akatoboa buku juu, kushoto na kulia, akapitisha kamba. Akampeleka mtoto darasa kwa darasa ili wote waone mtu anayeleta mambo ya jikoni shuleni.

"Toa hiyo kitu," yaya alisema, akipiga magoti mbele yake.

"Hapana, kambo. Madame alisema nifike nayo ku nyumba."

"Umefika ku nyumba."

Mtoto akainamisha kichwa, kamba ikatolewa. Ilikuwa imeacha mstari mwekundu nyuma ya shingo. Hakulia. Aliingia ndani, akalala kifudifudi kwenye mkeka, na alipoitwa kula alisema hana njaa. Yaya alipitisha vidole kwenye matundu. Moja lilikuwa limekata O ya kwanza ya MOTO katikati.

Mnisamehe, lakini hapa damu yangu bado inapanda. Shule ilikuwa na mtoto huyu karibu miaka miwili, haikumfundisha kusoma hata neno moja alielewe. Bibi yake akamfundisha kwa vitambaa vya kutupa, na shule ikamwadhibu kwa kusoma! Nani alipaswa kuvaa kamba pale?

Asubuhi yake yaya hakuwasha mashini. Alivaa kikwembe chake cha sikukuu, akafunga kilemba, akaniambia, "Unisindikize." Sylvain alijaribu kumzuia. "Mama Olive, hawa bantu njo beko na mutoto wetu mu mikono. Wacha." Yeye akajibu, "Njo juu ya ile ninaenda," akatoka.

Directeur, yaani mkuu wa shule, Monsieur Adrien, alitupokea ofisini kwake bila kutukaribisha kukaa. Alikuwa kijana wa koti zuri. Madame Benita aliitwa, akasimama karibu na dirisha. Yaya aliweka buku mezani.

"Ba Directeur, sikuje na vita. Ninaomba kitu moja. Madame amuombe mutoto pardon, mbele ya wenzake, kama vile alimutembeza mbele yao."

Directeur aliisukuma buku kwa ncha ya kalamu, kana kwamba itamchafua. "Mama, hapa ni masomo, si jikoni. Wazazi wanatuletea watoto waseme Kifaransa. Kiswahili watakipata sokoni, bila mwalimu."

"Hata serikali inasema watoto wadogo waanze kwa lugha ya nyumbani," nilisema mimi, kwa kuwa nilishindwa kunyamaza.

"Serikali iko mbali, mama. Wazazi beko karibu." Na tazama, maneno hayo yote aliyasema kwa Kiswahili, ndani ya ofisi yake, na hakuna aliyemvalisha chochote.

Madame Benita akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Miye pia balinivalisha *symbole*, mama. Na leo niko mwalimu. Haikuniua."

Yaya alimgeukia. Hakupandisha sauti. "Siku balikuvalisha, ulirudia ku nyumba namna gani? Ulicheka?"

Madame Benita aliangalia nje. Directeur akasimama, akasema ana kazi.

"Muzuri," yaya akasema. "Ile buku haikuandikwa na Syntiche. Niliiandika miye. Kama ni kosa, kosa ni yangu." Akachukua buku, akafunga ile kamba ya gunia, akajivika shingoni juu ya kikwembe chake cha sikukuu. Akatoka nje.

Nilidhani tunarudi nyumbani. Yeye alisimama mbele ya geti la buluu, pale pale wazazi wanapopita, na hakuondoka. Nilimsihi. Jua lilipanda. Nilisimama naye, nikiona aibu, naungama, na huku nikiona aibu kwa kuona aibu. Watoto walipotoka, wazazi walisimama kuangalia. Mwanamke mzima, mshonaji anayejulikana na wote, na kitu shingoni!

"Mama Émerance, njo nini hii?"

Aliwaambia. Kila aliyeuliza, alimwambia tangu mwanzo: lile neno *herbe*, mkasi, darasa kwa darasa. Wengine walicheka. Baba mmoja mwenye suti alisema kwa hasira kwamba yeye hakumleta mwanawe kujifunza kupika, na yaya akamjibu, "Muulize mutoto wako anasoma nini, papa. Funika maneno na mukono, halafu umuulize." Baba yule akaondoka akimvuta mtoto. Lakini mama mmoja, Huguette, anayeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, karibu na kanisa, alifungua kitabu cha mwanawe hapo hapo kando ya barabara, akaweka kiganja. Mtoto akaimba mpaka mwisho. Huguette akakifunga kitabu kile, akaanza kupiga geti kwa ngumi. "Fungueni! Fungueni, mutuambie!"

Halikufunguliwa. Mlinzi alitia kufuli kwa ndani.

Jumatatu Syntiche alirudishwa nyumbani. Neno lao lilikuwa kwamba familia yake inaleta vurugu. Basi ndivyo haki ilivyotendeka: aliyetoboa alibaki darasani, aliyetobolewa buku akafukuzwa. Olive alilia, akamlaumu mama yake mbele yetu, akasema amemharibia mtoto maisha. Baadaye yaya alikwenda mwenyewe kumtafutia Syntiche nafasi katika shule nyingine, mbali zaidi, yenye madawati machache na mwalimu mzee anayeeleza somo kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kifaransa. Sylvain, aliyesema tuache, ndiye anayempeleka kila siku kwa baiskeli.

Buku yenyewe Syntiche hakuigusa kwa muda mrefu. Akiona yaya anakata herufi, aliondoka barazani. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Kamba inatoka shingoni, lakini mtoto anabaki na woga wa kitu alichokipenda. Ilibidi Huguette amlete mwanawe Hénoc siku ya Jumamosi, aseme, "Huyu hajue kusoma, nani atamusaidia?" Yaya alishika kazi yake. Syntiche alizunguka, akasogea, akaenda kumenya muhogo, akarudi, na mwisho akamwambia Hénoc kwa ukali, "Si vile. Anza na hii." Siku hizi Jumamosi kuna watoto wengi pale barazani, na harufu ya sombe, na ugomvi wa nani atavuta kijiko.

Kabla ya sikukuu ya wanawake ya mwezi wa tatu, Madame Benita alifungua mlango wa lupango la yaya. Alikuwa na kikwembe kipya mkononi. Alisema anataka kushonewa, ila hakukikunjua. Yaya alimpima mabega, kiuno, urefu, kama mteja yeyote, kisha akaviringisha utepe.

"Nguo nitakushonea. Ile ingine yenye ilikuleta, mwenyewe iko pale ku kinu."

Syntiche alikuwa kwenye kinu. Madame alimwendea, akainama kidogo. "*Pardonne-moi, ma fille.*"

"Mu Kiswahili," yaya alisema bila kuinua macho.

Madame akamgeukia mtoto tena. "Unisamehe, mwana. Nilikukosea."

"Ndiyo, Madame," Syntiche alijibu, akaendelea kutwanga. Hakutabasamu, na hakuna aliyemlazimisha. Madame Benita akaaga, macho yamemlowa.

Yaya alimshonea nguo nzuri sana, yenye mikono ya kisasa. Mimi ningeikata vibaya makusudi. Ndivyo nilivyo. Kwa sababu Monsieur Adrien hajamwomba mtu yeyote pardon, na wiki hii nimepita tena mbele ya geti la buluu wakati wa kutoka. Mtoto mdogo, hata jino la mbele hana, alikuwa ukutani amesimama peke yake na kibao shingoni, wenzake wakimzunguka na kumcheka kwa Kifaransa, asije akawakamata. Nimemweleza yaya. Ameacha mashini, anatafuta kilemba chake. Safari hii Huguette na akina mama wengine wanatungoja njiani, twende wote mbele ya lile geti.