Mwalimu wa Kukana

Shangazi yangu alifundisha watu wazima Kiingereza sebuleni kwetu, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kukana. Alisema kuitikia hata kasuku anaweza. Shida huanza pale mtu anapotaka kukana mambo mawili kwa pumzi moja. Sisi tuna "wala" yetu, neno moja, kazi imekwisha. Kwa Kiingereza, alisema, ukishakana, ile "and" inawekwa kando na "or" inakalia kiti chake. Na ukitaka kukana kwa uzito, unatanguliza "neither", halafu "nor" inafuata nyuma kama mkia. Mimi shule niliiachia darasa la nne, lakini hayo niliyashika kutokea mlango wa jikoni.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa kushtaki. Anamsimamisha mtu, anamtwisha makosa mawili, na mtu huyo lazima ayakane yote kwa sentensi moja huku wenzake wakipiga meza na kumzomea. Msusi, aliyetaka kuzungumza na wateja wa kigeni, alishtakiwa kuchoma soko na kukimbia. Fundi Saa alishtakiwa kumeza saa ya bosi na kusingizia kuku. Afande, ambaye hakuwa afande bali mlinzi wa ghala la vifaa vya ujenzi, alishtakiwa kila kitu, maana ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote. Alitaka kuhamishiwa geti la ofisi kuu wanakoingia wageni, lakini kila alipokana, kosa moja lilimbakia mkononi. Darasa zima lilimwitia polisi.

Wasichokijua ni kwamba shangazi hakuwa akisikia vizuri. Sikio la kushoto lilikufa zamani. La kulia lilisaidiwa na kidude kidogo mfano wa haragwe, alichokificha chini ya kitambaa cha kichwa. Kelele za mashtaka zikipanda, kidude kilimpigia mluzi hadi ubongoni, kwa hiyo alikitoa kwa ujanja na kukiweka ndani ya kifuniko cha kopo dirishani, nyuma ya boksi la chaki. Kuanzia hapo alisahihisha kwa kutazama midomo.

Siku moja darasa liliisha, watu wakaaga, shangazi akanyoosha mkono nyuma ya boksi. Kifuniko kilikuwa kitupu.

Tulikung'uta mikeka, tukapindua viti, nikafagia hadi uvunguni mwa kabati. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya chumba, anatazama viti kimoja kimoja kama vile wenyewe bado wamevikalia.

"Panya hali plastiki," alisema. "Ni mmoja wao."

Nilisogea mbele yake aone mdomo wangu. "Basi waulize, shangazi."

"Niulize nini, mwanangu? Nani kaniibia sikio? Nani atakubali kufundishwa kutamka na kiziwi? Darasa hili likifa, mimi na wewe tutakula chaki."

Ndiyo maana somo lililofuata aliuliza kwa njia yake. Aliwasimamisha wote kwa zamu akawapa shtaka moja: umechukua kitu kidogo dirishani, na umekificha. Mimi alinituma nisimame mlangoni na sinia, nitazame nyuso.

"Jamani mwalimu, leo mbona umenishusha cheo?" Msusi alicheka. "Juzi nilichoma soko zima, leo kitu kidogo dirishani!" Akakana huku akirekebisha nywele za mwenzake.

Fundi Saa alikana wima, haraka, bila kupepesa jicho.

Afande alisimama akafuta jasho kwa kofia. Alikana taratibu, neno baada ya neno, na hakukosea hata mahali pamoja. Darasa lilimpigia makofi. Mimi sikupiga. Mtu hasomi usiku mmoja akaiva hivyo bila sababu.

Walipoondoka shangazi alisema, "Ni Fundi."

"Mimi namwona Afande."

"Afande? Yule akitaka kupiga chafya anaomba ruhusa! Fundi kila siku anafungua vitu vidogo vya betri. Na amekana vizuri mno. Mtu akikana hivyo, amezoea."

Kesho yake tulimkuta Fundi Saa kwenye meza yake kando ya barabara, kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho moja, saa ya mtu imetawanywa mbele yake.

"Karibu mwalimu. Imesimama au inapunguza dakika?"

"Sikuleta saa," shangazi alisema. "Nimekuja unieleze ulichochukua."

Fundi alitoa kioo jichoni. "Nimechukua nini?"

Shangazi akaishia kutazama saa iliyotawanywa. Akikitaja, amejitaja.

"Mwalimu, jana nilikana kwa Kiingereza, leo nikane kwa Kiswahili?" Sasa alikuwa amekasirika. "Mwezi mzima umetufundisha kukana tusichofanya na tulichofanya, kwa sauti ileile, kwa uso uleule. Leo unataka kujua nani mkweli? Umetunoa mwenyewe, halafu unashangaa tunakata."

Shangazi aligeuka akashika njia ya nyumbani. Alipofika mlangoni kwetu ndipo alipotamka, "Yule hakijui. Angekijua, macho yake yangeenda kwenye sikio langu."

Somo lililofuata Afande hakuja. Shangazi alinitazama, nami nikamtazama. Mchana huohuo tukaenda ghalani.

Afande alikuwa kibandani kwake, getini. Redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na kando yake, limebanana nayo, kulikuwa na kopo la maziwa lililozungushiwa utepe wa gundi pande zote. Alipotuona aliinuka, akaziba mdomo kwa kiganja, ndipo akaanza kuzungumza. Shangazi alikunja uso. Mdomo uliozibwa kwake ni ukuta.

"Anasemaje?"

"Anasema, nani amekutuma," nilimwambia.

"Nani amekutuma wewe!" shangazi alijibu. "Zima hiyo redio."

"Siizimi! Nataka wasikie muziki tu."

"Kina nani?" nilimuuliza.

Afande alinivuta mimi pembeni, kiganja bado mdomoni. "Binti, nyinyi si watu wa masomo. Hapa ghalani yalipotea makopo ya rangi, bosi akanuna. Hazikupita siku nyingi, mwalimu akanisimamisha: Afande, umefungua stoo na umechukua rangi! Nani alimwambia habari za rangi? Nikasema, aa, huu ni upelelezi. Halafu namwona anaficha kidude dirishani kila tukianza kukana. Nilipokifunika kwa kiganja kikalia kama mbu. Kinarekodi kile! Nikakitia koponi, nikakiwekea redio."

Nilimwelezea shangazi neno kwa neno. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alimgeukia Afande, akafungua kitambaa cha kichwa palepale getini, malori yakipita. Sikuwahi kumwona kichwa wazi nje ya nyumba.

"Nipe kopo."

Alibandua gundi kwa kucha, akatoa kidude, akakifuta kwa upindo wa gauni, akakitia sikioni. "Hili ni sikio langu, Afande. Rangi niliitaja kwa sababu wewe ni mlinzi wa ghala. Ungekuwa mwokaji ningekushtaki mikate."

Afande alishusha kiganja. Akainama kulichungulia sikio, akazunguka upande wa pili. "Na la huku mbona halina?"

"La huko limekufa."

"Limekufaje?"

"Afande!"

"Basi, mwalimu. Basi. Samahani sana. Simwambii mtu."

Tukiwa njiani nilimwambia shangazi nafuu, siri imerudi nyumbani. Alitikisa kichwa. "Nimemfundisha kukana. Ahadi yake nitaipimaje?" Siku ya somo aliwaambia wote yeye mwenyewe, kitambaa kikiwa mabegani, kabla mtu mwingine hajaitoa siri.

Msusi ndiye aliyeuliza kwanza. "Kwa hiyo ile 'th' yangu uliyoisifia, uliisikia au uliiona?"

"Niliiona. Ulimi wako ulikaa mahali pake."

"Wateja wangu mimi wananisikia, mwalimu." Alichukua mkoba wake, na mwenzake akamfuata. Fundi Saa alivitazama viti viwili vilivyobaki wazi, akavuta chake mbele, upande wa kulia wa shangazi. Wengine waliangaliana. Hakuna aliyeondoka, lakini hakuna pia aliyefungua daftari.

"Tuendelee?" shangazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Afande alisimama. "Mwalimu, mimi niko tayari. Ila nishtaki kitu ambacho hakijawahi kuibwa na mtu yeyote, popote."

Shangazi alifikiri. "Umekula mwezi," alisema kwa Kiingereza, "na umekunywa mawingu."

Afande alitazama dirisha, akatazama mlango, akalitazama sikio. Kisha akayakana yote mawili kwa sauti ambayo mtu yeyote mtaani angeisikia, na kabla ya kukaa akaongeza kwa Kiswahili, kwa tahadhari:

"Na mashahidi ninao."