Jina Langu Mara Thelathini na Moja

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Karatu, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mtunza kompyuta ya mradi wa chanjo za mifugo, na nilijiona najua kila kitu. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, ya mfumo wa Unix, tukiitumia watu kadhaa, kila mmoja na skrini yake.

Siku hiyo gari lilikuwa nje, chanjo zimeshapakiwa na barafu, wachanjaji wanasubiri orodha ya maboma ya wafugaji wa Endulen. Orodha ikagoma kutoka kwenye printa. Kuangalia, swopu imejaa pomoni. Ndiyo ile sehemu ya diski ambako kompyuta huhamishia kazi kumbukumbu inapobana. Na wala hapakuwa na kazi kubwa iliyokuwa ikiendelea.

"Ni Paskali huyu!" nikapaza sauti. Paskali, mwenzangu wa ofisini, alipenda kujaribu programu mpya. Nikamfungia asiingie kwenye kompyuta. Akainamisha kichwa.

Mzee Tluway, mkuu wetu na daktari wa mifugo wa siku nyingi, akanitazama. "Binti, mimi ng'ombe akianguka nampima joto, namfungua mdomo, ndipo nitaje ugonjwa. Wewe umepima nini?"

Yalinichoma. Nikaketi, nikaitisha orodha ya programu zote zilizo hai, kila moja na ukubwa wake na jina la mwenyewe. Jina la Paskali lilitokea mara moja tu. Langu mara thelathini na moja! Kila nilipofungua skrini, kijiprogramu changu cha kusoma vipimo vya mvua kilianza upya, na cha jana hakikufa. Kilikaa kikingoja vipimo kutoka Nainokanoka, ambavyo tulishaacha kuviingiza, hadi kikasukumwa diskini kikalala huko.

Nikavizima vyote. Swopu ikashuka, printa ikanguruma, karatasi zikamwagika hadi sakafuni. Wachanjaji wakashangilia!

"Paskali, nisamehe. Kosa ni langu," nikasema, wote wakisikia.

"Yameisha, dada," akacheka. "Ila nifungulie kwanza."

Jioni redio ya mawasiliano ikatuletea habari: maboma yote yamechanjwa. Mzee Tluway akanipa mkono.

Basi mwanangu, mashine ikikushinda, usianze na jina la mtu. Itisha orodha, isome mstari kwa mstari, na jina lako ulitafute la kwanza. Ukikuta kosa ni lako, litamke mbele ya wale wale waliosikia lawama zako. Mungu akupe macho ya kukagua na ulimi usio na haraka, na kazi ya mikono yako aithibitishe.