Vigingi vya Fundi na Mchi wa Mama Mkwe

Siku ya kwanza kazini sikuombwa cheti, na ningeombwa nisingekuwa nacho, maana shule niliiacha darasa la pili. Tulikuwa wanawake tunafyeka njia ya bomba huku kwetu Gorong'a, kazi ya kujitolea ya kijiji. Fundi Mpima alishuka kwenye Landrova, akatuangalia vichwa, akanyoosha kidole.

"Yule mrefu. Unaitwa nani?"

"Nyangi."

"Nyangi, nyasi za huku zinanimezea watu. Nataka mtu nitakayemwona."

Miaka ile ukinyooshewa kidole na mtu wa Landrova, unaanza kujiuliza nani amekusema. Tangu usichana wanaume walinitania, "Nyangi, huko juu mvua imeanza?" Jioni ile hakuna aliyenitania, na hilo sikulipenda.

Wajukuu zangu mnaona bomba tu, hamjui lilivyopimwa. Nilishika stafu, ubao mrefu wenye namba, mrefu kuliko hata mimi. Fundi alikaa mbali na darubini ya miguu mitatu, akasoma namba. Kazi yangu ilikuwa kusimamisha stafu wima juu ya kigingi na kuangalia pimamaji, kile kichupa chenye povu ndani. Povu likikaa katikati, stafu haijalala. Akipunga mkono, inua, peleka mbele. Alinifundisha kwamba urefu wa mtu ni kimo, wa mahali ni mwinuko, na mwinuko macho hayauoni. Unaweza ukaapa unapanda kumbe unashuka.

Vigingi vilikuwa vipande vya mti vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Jioni tuliacha kazi juu ya kigingi, na asubuhi tulianzia hapo hapo.

Maji yangetoka chemchemi ya mlimani, tulikoanzia kupima, na mashine ya kuyasukuma haikuwepo. Kama chemchemi iko juu kuliko kitongoji chetu, maji yangekuja yenyewe. Kama sisi ndio tuko juu, tangi lingejengwa bondeni, na sisi tungeambiwa tulifuate huko. Tulikuwa tumeshahamishwa mara moja, na uhamisho ule nao ulianza na vigingi. Kwa hiyo Mwenyekiti wa Kijiji, Chacha Magige, aliposema mkutanoni kwamba Serikali inakuja kutuinua, watu waliangaliana. Mara ya mwisho tulipoambiwa tutainuliwa, kilichoinuliwa ni paa za nyumba zetu.

Nikawa mtu wa kutazamwa. Nikifika mtoni mazungumzo yanakatika. Mzee Marwa, ambaye nyumba yake ilibomolewa wakati wa kuhama, alitema mate kila nilipopita na stafu. "Pima, mke wa Mwita," alisema. "Pima vizuri, usisahau na kaburi langu."

Mama mkwe wangu, Gati, ndiye pekee aliyeuliza habari za kazi. Kila jioni: "Leo mlima ukoje?"

"Fundi anaogopa, mama. Anasema tuko juu. Maji hayapandi."

"Juu sana?"

"Kidogo tu."

Aliguna, akaendelea kusugua magoti. Alikuwa amepanda kutoka mtoni na maji kichwani tangu alipoolewa, na magoti yalikuwa yamemwisha.

Tulipofika kitongojini Fundi alipiga hesabu, akatikisa kichwa: tuko juu ya chemchemi. Basi akapima tena kurudi nyuma, maana ndiyo sheria yao. Kwenda na kurudi lazima kukubaliane. Hesabu ikakataa kufunga.

"Nyangi, unalaza stafu?"

"Silazi, Fundi. Povu naliangalia."

"Basi kuna kitu."

Mwenyekiti hakuhitaji hesabu. "Hii ni hujuma," alisema. "Kuna mtu anachezea vigingi. Na anayevijua vyote, kimoja kimoja, ni mmoja." Aliniangalia mimi. Neno hujuma lilikuwa si la mchezo. Akasema nimpe jina la mtu kabla ya siku ya mnada wa ng'ombe, la sivyo atampelekea Katibu Tarafa jina langu.

Nilishuku kila mtu. Nilimshuku Mzee Marwa, nikawashuku wanawe. Nilimshuku hata Mwenyekiti mwenyewe, kwa sababu shamba lake lilikuwa bondeni, pale pale ambapo tangi lingejengwa. Nikipita kwenye boma la mtu naangalia shoka lake, naangalia jembe lake, kama yana rangi. Mwita, mume wangu, aliniambia nimeanza kutembea kama askari.

Siku moja kabla ya mnada nilitoa mchi nitwange udaga. Ncha yake ilikuwa nyekundu. Nikadhani damu ya kuku, nikakwangua kwa ukucha. Haikuwa damu.

"Mama, huu mchi umetwanga nini?"

"Mihogo."

"Mihogo ya kupaka rangi?"

Gati hakuinua macho kwenye ungo. "Ulisema mlima uko juu kidogo," alisema. "Nimekuwa nikiushusha. Asubuhi nikienda mtoni napitia kile kigingi mlichoachia kazi, pigo moja. Si kwa nguvu. Wasishtuke."

"Mama, wanataka kunipeleka Tarafani kwa ajili ya vigingi hivyo."

"Wewe? Kwa mchi wangu?"

Alisimama, akafunga kanga, akaweka mchi begani, akatangulia kwenda ofisi ya kijiji. Magoti yale siku hiyo sikuyasikia yakilalamika. Nilimfuata nikiwaza nitamwambia nini Mwita mama yake akifungwa.

Mwenyekiti alipoona ile rangi alisimama. "Nani amekutuma, mama?"

"Magoti yangu."

Fundi, aliyekuwa humo ofisini, hakucheka. Alichukua mchi, akaugeuza, akamwomba Gati aketi. Akamweleza taratibu: kigingi kikizama, asubuhi stafu inasimama chini zaidi, na yeye kwa kuwa anaamini kigingi kiko pale alipokiacha jana, kila kitu cha mbele anakihesabu kiko juu kuliko kilivyo.

"Mama, kila ulipogonga chini, mlima wako uliongezeka kwangu."

Gati alifikiri. "Basi nivivute juu?"

"Usiviguse. Vilinde."

Mwenyekiti alitaka jina liende Tarafani hivyo hivyo. Fundi akamwambia kwamba vigingi vimezama, atapima upya, na hana jina la kumpelekea mtu. Tukapima upya, Gati akiwa ameketi kando ya kila kigingi tulichoachia kazi, mchi magotini, na hata Mzee Marwa hakuthubutu kutema mate hapo. Safari hii hesabu ilifunga. Tulikuwa chini ya chemchemi, kidogo, lakini inatosha.

"Juzi tuko juu, leo tuko chini," Gati aliniambia nyumbani. "Mlima haujasogea. Aliyesogea ni Fundi."

Baada ya hapo nilishika stafu Nyanungu, kisha upande wa Serengeti, Nata na Mugumu, chini ya Bwana Maji wa Wilaya ambaye hakujibu shikamoo kabla ya chai. Kila kijiji walinitazama kwa macho yale ya kwetu, na sikuwalaumu. Kabla ya kupiga kigingi cha kwanza niliomba nionyeshwe mwanamke anayechota maji mbali kuliko wote, nikaketi naye, nikamweleza vigingi ni vya nini. Wakubwa waliona nachelewesha kazi. Vigingi vyangu havikuzama tena.

Sasa nimestaafu, mgongo umenipunguzia kimo, na bado mtu akija kusema atatuinua namuuliza kwanza anatuinua kutoka wapi kwenda wapi. Mkiona nina shaka nyingi, mniache nayo.

Siku bomba letu lilipofunguliwa lilikohoa, likatoa matope, kisha maji safi. Gati alijaza ndoo, lakini hakunywa.

"Kunywa wewe kwanza," alisema. "Wewe ndiye mtu wao."

Nikanywa. Aliniangalia usoni muda mrefu, kisha akaniinamishia kichwa, nami nikainua ndoo nikamtwisha. Kutoka bombani mpaka mlangoni kwetu ni tambarare. Alitembea bila kupumzika, ila kila baada ya hatua chache aligeuka, ndoo kichwani, kuangalia kama bomba bado lipo.