Wimbo wa Paa Lililobomolewa

Siku walipochoma chumba cha binti yangu, mimi nilikuwa napiga muziki wa watu waliobomolewa nyumba zao.

Sitanii.

Ilikuwa Mei 2008, Johannesburg, wageni wakiwindwa mitaani. Mimi ni mtu wa Tanga, fundi cherehani katika mtaa wa Yeoville. Fidla nilijifunza kwenye taarabu. Kiingereza na historia nilivipata shule ya usiku, na mvi kichwani.

Ndiyo maana Waairishi walinikaribisha klabuni kwao kila Jumapili mchana. Najua njaa kuu iliyowaua mababu zao. Najua jinsi wenye ardhi walivyowafukuza wapangaji na kuwabomolea paa ili wasirudi.

Simu ikaita, nikatoka nje kuipokea. Binti yangu Shufaa, wa Jeppestown.

"Baba, wametuchomea! Niko polisi na watoto, tumekaa uani kwenye baridi."

"Njooni kwangu."

"Kwako nako wanasema watakuja. Waombe hao Wazungu wako hifadhi. Si marafiki zako?"

"Marafiki hasa," nikajibu kwa majivuno.

Klabu ilikuwa na ukumbi wa nyuma, mtupu wiki nzima. Ufunguo alikuwa nao Fintan, mwenyekiti.

Niliporudi ndani, Fintan alikuwa anaimba habari za mababu zake, paa likishushwa huku mvua ikinyesha. Alilia. Wenzake wakalia.

Desturi yao, aliyemaliza humtaja anayefuata, na aliyetajwa hakatai.

"Bakiri!"

Nikasimama, nikaomba ukumbi. Binti yangu mmoja na wajukuu wawili, mpaka hali itulie.

Fintan akajifuta machozi.

"Bakiri, ndugu yangu," Fintan akasema taratibu, "hapa hatuingizi siasa. Tupigie kitu."

Eish.

Nikapiga. Wakashangilia. Sasa zamu ya kutaja ilikuwa yangu.

"Fintan," nikasema. "Ule ule. Wa paa."

Nilitaka aone haya. Nikamkazia macho.

Akauimba wote, ubeti kwa ubeti, vizuri kuliko mwanzo. Akalia tena. Kisha akanikumbatia mbele ya watu.

"Asante, Bakiri. Wewe ndiye unayetuelewa."

Shufaa alilala kwenye hema la wakimbizi, kisha akapanda basi na watoto, wakarudi nyumbani Tanga. Simu zangu hapokei.

Wewe unayesoma, shika hili: mtu anaweza kuwalilia mababu zake kwa dhati kabisa, na asiwaone wajukuu zako.