Maji Yaliyotoka Yamelala

Mwaka ule kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Sepuka, kilipata tangi la maji. Lilikaa juu ya miguu mirefu ya mbao, na kinu cha upepo kililijaza mchana kutwa, maana upepo wa Singida hauhitaji kuombwa. Bwana shamba akaleta mpira mrefu wa kumwagilia kitalu cha vitunguu, akatafuta mtu wa kuushika. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuwa na maneno mengi, wakasema huyu hatagombana na mtu, apewe yeye.

Hawakujua wamenitia matatani. Msimamizi wa kitalu alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito, na mimi nilikuwa nimemchumbia binti yake. Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe. Humtazami usoni, na ukimwona njiani unaingia porini hata kama pori lina miiba. Basi kila asubuhi yeye yumo kitaluni anang'oa magugu, mimi nimeganda kwenye ua wa minyaa, hatua kama kumi kutoka kwake. Hata shikamoo niliitoa nikiwa nimeinama nyuma ya minyaa, nikitazama vidole vyangu vya miguu. Yeye haondoki, mimi sisogei. Maji ndiyo yaliyotakiwa kwenda.

Na yalitakiwa kwenda kwa adabu. Jumamosi washenga wetu walikuwa waende kwao binti kusikia jibu la mwisho, na jibu lenyewe lilikuwa mdomoni mwa mama huyo.

Mpira bila kitu mdomoni ulitema maji yakaanguka nusu ya njia. Nikauziba kwa kidole gumba, upepo ukayachukua ukanirudishia mwenyewe. Binamu yangu, aliyepewa kazi ya kufungua na kufunga koki, alikaa chini ya tangi akicheka.

"Bwana harusi, leo umeoga mara ngapi?"

"Fungua koki, acha maneno."

Jumatatu nilipata pampu kuukuu ya baiskeli. Nikakata kipande cha bomba lake, nikakichomeka kwenye mpira na kukifunga kwa ukanda wa tyubu. Maji yakatoka mviringo, laini kama kioo, yakafika mbali kuliko nilivyotegemea. Tatizo ni kwamba yalifika bado yakiwa kamba moja. Yalitoboa tuta na kufukua miche, mizizi ikatazama juu.

Mama mkwe hakuweza kunisemesha mimi. Akalisemesha jembe lake, kwa sauti ya kufika Mgori, vijiji vingi mbele.

"Jembe langu, hivi huyu anamwagilia au anachimba kisima?"

Jumanne nikakata meno kwenye ukingo wa kile kipande, kama ya msumeno. Maji yakachanika palepale mdomoni yakawa manyunyu, mazuri sana kuyatazama, lakini hayakufika popote. Waliofaidi ni kondoo wa mwenyekiti waliokuwa wakipita nje ya ua.

"Jembe langu, tangu lini kondoo wanamwagiliwa?"

Hapo nikaanza kuelewa kidogo. Mdomo laini unayashikamanisha maji, mdomo wenye meno unayavunja mapema. Nilitaka yashikamane njiani na yavunjike yakishafika. Nikawaza, yakitoka bapa kama mkeka, yatafika yakiwa mapana na mepesi. Jumatano nikakata kipande kingine, nikakigonga kwa jiwe mpaka mdomo wake ukawa kama jicho la mtu anayesinzia. Nikakichomeka mlalo.

"Fungua!"

Maji yakatoka yamelala, kama nilivyopanga. Nilifurahi kwa muda wa kupepesa jicho. Yalipokuwa angani kingo zake zikajikunja ndani, yakajikaza, halafu yakasimama wima kama ubao. Mimi sikuwa nimetikisa hata mkono. Yakamkuta mama mkwe ameinama, yakampanda kuanzia kiunoni mpaka kisogoni, yakang'oa kitambaa chake cha kichwa na kukitupa kwenye miche.

Mkwe kuona kichwa cha mama mkwe kikiwa wazi! Nikatupa mpira, nikalala kifudifudi nyuma ya minyaa. Binamu akaja akitambaa.

"Umekwisha," akaninong'oneza. "Labda wale kondoo wana binti."

Alhamisi nilijifanya mgonjwa. Kitaluni miche ikaanza kulegea kwa jua. Ijumaa mama yangu mzazi akanitoa kitandani kwa mwiko, nikarudi kwenye ua nikiwa mdogo kama mende. Mama mkwe alikuwepo, kichwa amekifunga vitambaa viwili. Safari hii aliligeukia tangi.

"Tangi wewe, sikiliza. Mdomo wa mpira wako nimeuokota mwenyewe, nikaona ulivyobinywa. Maji yalitoka kule yamelala, yakanifikia huku yamesimama. Mgongo wangu ni shahidi. Mwenye akili si angeyasimamisha kule, ili huku yafike yamelala?"

Binamu akanitazama. Mimi nikautazama mpira. Nikageuza kile kipande robo ya mzunguko tu, mdomo ukasimama kama ufa wa mlango.

"Fungua. Polepole."

Maji yakatoka yamesimama. Angani yakajikunja tena, yakalala, yakatanuka kama ungo, kisha yakachanika na kushuka juu ya tuta matone matone. Hakuna mche ulioinama. Mama mkwe alisogea pembeni, mkono mmoja juu ya vitambaa vyake, akatazama mpaka udongo wote ukawa mweusi.

"Jembe langu," akasema, "kumbe huyu anafundishika."

Kwa nini maji hujigeuza vile sijui mpaka leo. Nimeyachungulia hata yakimiminwa kutoka mdomo wa jagi, nayo hulala na kusimama, kulala na kusimama, kama pingili za mnyororo. Nikiuliza watu, wananiambia ninywe maji yangu.

Jumamosi washenga wakaenda. Walirudi jua likiwa juu, wakicheka tangu mbali.

"Amekubali," wakasema. "Ila ana sharti. Siku utakayopelekwa kwao, uje mikono mitupu. Mpira uuache kitaluni."