Nta ya Lubero

Juzi, kwenye duka moja la Butembo, niliona mama akifungua chupa ya asali, akainusa na kufumba macho. Muuzaji akamuuliza: "Mama, unanunua ao unasali?"

Nikamkumbuka shangazi yangu. Wakati wa waasi alikimbia kutoka Lubero, akaja kutufundisha kufuga nyuki nyuma ya nyumba, hapa mjini. Sisi, watu wa usafi, tukaosha muzinga kwa sabuni. Nyuki wakaukataa.

"Mais munaondoa harufu ya kwabo," akasema, "sasa bataingia namna gani?"

Akaupaka nta kuukuu aliyokimbia nayo. Nyuki wakaingia, tukapiga vigelegele.

Saa ya chakula tulimletea maji ya kunawa. Akavuta mikono yake, bado ina nta, akainusa.

"Mungoje kwanza," akasema.