Shingo ya Bibi

Kwetu Darsait kuna picha moja tu ya bibi, mama yake mama. Amekaa upande, shingo ndefu, kitambaa kichwani, anakutazama kama unamchelewesha. Alifariki Unguja, mama hajatimiza hata miaka miwili. Shingo ile tumejidai nayo miaka! Kaka yangu kaikuza picha, kaitia fremu ya dhahabu, kaitundika majlisi kwake Al Amerat, na kila mgeni lazima aambiwe, "Damu haijifichi, sheikh."

Ijumaa moja, sote tuko Darsait, baada ya chakula, binti yangu akaielekezea simu ile picha, atafute ilipigwa wapi. Simu ikamjibu: Hollywood. Mcheza sinema wa zamani. Kaanza kwa kuuza kofia dukani, wakubwa wa studio wakambadilisha jina, wakamng'oa magego mawili ili mashavu yabonyee, akacheza filamu arubaini na kuolewa mara nne.

"Mara nne!" Kaka akashika kichwa. Hakuuliza bibi yetu hasa alikuwa na sura gani. Aliuliza ni wageni wangapi wameshaiona.

Hasira zikanipanda. Mama ana miaka themanini, na uso wa mama yake anaoujua ni huo tu. "Atakayemwambia," nikasema, "asikanyage tena hapa! Mmenisikia?"

Kumbe mama kasimama mlangoni na sahani ya halua.

"Kuniambia nini? Kuwa si mama'angu? Mbona nnajua."

Akakaa, akatuhadithia. Khaloo yake, dada wa mama yake, aliyemlea, alikuwa fundi cherehani, na picha ile aliikata gazetini ili aige mshono wa nguo. Siku moja watoto wenziwe walimcheka mama kuwa hana mama, akarudi analia hanyamazi. Khaloo akaibandua picha ukutani, akampa: "Huyu hapa mama'ako. Basi, nyamaza."

"Nikaja kumwona sinema, siku ya onyesho la wanawake. Nna miaka kumi na miwili. Anatembea, anacheka, anasema Kizungu chake. Lo! Nikajua nimedanganywa."

"Ukakasirika?" nikamuuliza.

"Nikasirike nini, mwanangu? Nilirudi mara tatu kumtazama. Lakini nilikuwa nikitoka kabla filamu haijesha. Mwisho anakufa."